Jina la Lefebvre na Wahunzi wa Ufaransa

Wanafunzi wa Kifaransa hapa shuleni hukutana na jina la Lefebvre mapema sana katika vitabu vyao, na mara nyingi huniuliza maswali mawili. La kwanza: kwa nini jina hili limeandikwa kwa herufi b, na hali b hiyo haitamkwi? La pili: je, watu wote waitwao Lefebvre ni ndugu wa ukoo mmoja? Maswali haya ni mazuri, na majibu yake yana faida hata kwa mtu asiyejua neno moja la Kifaransa. Kwa hiyo nimeonelea niyajibu katika gazeti letu, ili wazazi nao wapate kuyasoma.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya maana ya jina la ukoo. Kwetu sisi wengi, mtoto huitwa kwa jina lake, kisha jina la baba, kisha jina la babu. Hamisi mwana wa Juma mwana wa Ali ni Hamisi Juma Ali. Lakini mwana wa Hamisi hatakuwa na jina la Ali tena, maana kila kizazi jina moja huingia na jingine hutoka. Zipo jamaa zetu zenye jina la ukoo lisilobadilika, lakini hiyo si desturi ya watu wote. Kwa Mfaransa mambo ni mbali. Jina la mwisho ni lile lile la babu wa babu yake, na hudumu hata kama maana yake imekwisha sahauliwa.

Mwanzo wa majina ya ukoo

Zamani Wafaransa nao hawakuwa na majina ya ukoo. Miaka elfu moja iliyopita mtu alikuwa na jina moja tu, yaani jina la ubatizo. Vijiji vilipokuwa vidogo, jina moja lilitosha. Lakini watu walizidi kuwa wengi, na majina ya ubatizo yaliyopendwa yalikuwa machache. Katika kijiji kimoja ungeweza kuwakuta kina Jean sita na kina Pierre watano. Basi watu wakaanza kuwapambanua kwa majina ya kupanga.

Majina hayo yalitolewa kwa njia nne. Wengine waliitwa kwa jina la baba au la mtu mwingine wa jamaa. Ndiyo asili ya majina kama Martin na Bernard. Wengine waliitwa kwa mahali walipokaa: Dubois ni mtu wa msituni, Dupont ni mtu wa darajani. Wengine waliitwa kwa umbo au tabia: Petit ni mdogo, Legrand ni mkubwa. Na wengine waliitwa kwa kazi zao: Boulanger ni mwoka mikate, Meunier ni msaga nafaka, na Lefebvre ni mhunzi.

Kuanzia karne ya 12 hivi, majina hayo ya kupanga yalianza kurithiwa. Haikuwa kwa amri ya mtu yeyote, wala haikutokea kwa siku moja. Kazi hiyo ilichukua karne kadhaa. Sisi tunayo methali isemayo, Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kusana ni kufua chuma, na kuvukuta ni kupuliza moto kwa mivukuto. Maana yake, mtoto hakosi kuambulia kitu katika kazi ya mzazi wake. Katika Ufaransa ya zamani mwana wa mhunzi hakusana wala hakuvukuta wakati mwingine, bali jina la uhunzi lilimfuata vilevile. Alikuwa mchungaji, au askari, au mwuza samaki, na bado aliitwa Lefebvre.

Kwa nini wahunzi?

Huenda mwanafunzi akauliza: katika nchi ya wakulima, kwa nini jina la mhunzi limeenea hata kulipita jina la mkulima? Jibu ni jepesi. Jina la kupanga kazi yake ni kupambanua. Kijijini ambako karibu watu wote ni wakulima, ukimwita mtu mkulima hujamtofautisha na jirani yake. Lakini mhunzi alikuwa mmoja, au wawili kwa wingi. Kila mtu alimhitaji kwa jembe, kwa misumari, kwa kwato za farasi, na kwa bawaba za milango. Ukisema Jean mhunzi, kijiji kizima kilijua ni nani.

Tena jambo hili si la Ufaransa peke yake. Mwingereza ana Smith, Mjerumani ana Schmidt, Mwitalia ana Ferrari, na Mwarabu ana Haddad. Wengi wa pwani wanaijua Ratibu al-Haddad, isomwayo misikitini, iliyotungwa na Sayyid Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim katika Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1720. Neno haddad maana yake ni mhunzi. Basi majina haya yanalingana kwa maana, lakini hakuna awezaye kusema kwamba Smith na Haddad ni ndugu. Kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, na kila mhunzi aliweza kuanzisha ukoo wake.

Hapo ndipo penye jibu la swali la pili. Kina Lefebvre hawakutoka kwa babu mmoja. Wametoka kwa wahunzi mamia na mamia, wa vijiji mbalimbali, ambao hawakupata kuonana. Jina ni moja, damu ni nyingi.

Neno moja, sura nyingi

Sasa na tuangalie asili ya neno lenyewe. Kirumi cha zamani, yaani Kilatini, kilikuwa na neno faber, fundi wa kazi ngumu. Katika nchi ya Gallia, ambayo leo ni Ufaransa, neno hilo likaja kumhusu hasa fundi wa chuma. Utawala wa Kirumi ulipokwisha, Kilatini cha watu kikabadilika polepole, kila upande kwa namna yake. Kaskazini kikawa lugha iliyozaa Kifaransa cha leo. Kusini kikawa lugha iitwayo Kioksitani. Mashariki, karibu na milima ya Alps, kikawa lugha ya tatu, iliyo katikati ya hizo mbili.

Watu wa kaskazini waligeuza a ya Kilatini kuwa e, na b kuwa v. Hivyo neno likawa fèvre. Watu wa kusini waliishika a, na wengi wao waliishika b pia, nao wakasema fabre. Wengine wa kusini waligeuza b kuwa u, wakasema faure. Watu wa Alps waliishika a lakini wakageuza b kuwa v, wakasema favre.

Mwanafunzi asidhani kwamba mabadiliko haya yalikuwa ya ovyo, yalifuata kanuni. Tazama neno la Kilatini capra, yaani mbuzi. Kaskazini ni chèvre, na kusini ni cabra. Sauti ya a imegeuka e upande mmoja na kubaki a upande wa pili, sawasawa na katika neno la mhunzi. Mtu akiijua kanuni katika neno moja, aweza kuitambua katika maneno mengine.

Kifaransa cha leo hakitumii tena fèvre kwa mhunzi, husema forgeron. Neno la kale limebaki ndani ya orfèvre, yaani sonara, mfua dhahabu. Lakini katika majina ya watu neno hili halikufa, na ukilifuata katika ramani utaona jambo la ajabu.

Chukua ramani ya Ufaransa uanze kaskazini kabisa, katika wilaya za Nord, Pas-de-Calais na Somme. Hapo ndipo nchi ya kina Lefebvre. Wamejaa pia katika wilaya ya Seine-Maritime, upande wa bahari, na ng'ambo ya mpaka katika Ubelgiji. Kina Lefèvre, ambao ni jina lile lile bila b, wako kaskazini vilevile, na karibu na Paris. Le ni neno dogo la Kifaransa lililotangulizwa mbele ya jina.

Sasa nenda mashariki hadi wilaya ya Doubs, karibu na Uswisi: hapo utakuta Faivre. Shuka hadi Savoie na Haute-Savoie: hapo ni Favre, na jina hili limejaa pia katika Uswisi inayosema Kifaransa. Endelea kusini, katika wilaya za Isère na Drôme, kisha magharibi hadi Dordogne: huko ni nchi ya Faure. Teremka zaidi hadi Aveyron, Tarn na Hérault: huko ni Fabre. Ukiufikia mpaka wa Hispania, katika Ariège, utakuta Fauré. Mtunga muziki Gabriel Fauré alizaliwa huko Pamiers mwaka 1845.

Bado pembe mbili za nchi. Magharibi kabisa ni Bretagne, ambako wenyeji walikuwa na lugha yao isiyotokana na Kilatini. Katika lugha hiyo mhunzi ni gov, na jina la ukoo ni Le Goff. Mashariki kabisa ni Alsace, ambako wenyeji walisema lahaja ya Kijerumani, na jina ni Schmitt. Basi Lefebvre, Faivre, Favre, Faure, Fabre, Le Goff na Schmitt wote maana yao ni mhunzi. Ukipiga mistari katika ramani kuyatenga majina hayo, utakuwa umechora karibu ramani nzima ya lugha za kale za Ufaransa, ingawa baadhi ya lugha hizo leo zina wasemaji wachache sana.

Herufi b ilitoka wapi?

Nilisema kwamba watu wa kaskazini waligeuza b kuwa v. Kama ni hivyo, b ya Lefebvre imerudi kwa njia gani? Ililetwa na makarani. Zamani herufi u na herufi v hazikutengwa katika maandiko. Alama moja ilitumika kwa zote mbili. Neno lilipoandikwa feure, msomaji hakujua kama aseme fèvre au feure. Makarani waliosoma Kilatini walikumbuka kwamba asili ya neno ni faber, wakachomeka b. Hivyo walionyesha asili, na papo hapo walionyesha kwamba alama inayofuata isomwe v. B hiyo ilikuwa ya macho, si ya mdomo.

Dawa hiyo ikazaa ugonjwa mwingine. Baadhi ya watu waliisoma b kama ilivyoandikwa, na v wakaisoma u. Likapatikana jina jipya, Lefébure, linalotamkwa na b yake yote. Mpiga kinanda mashuhuri wa Paris, Louis Lefébure-Wély, aliyeishi tangu 1817 hadi 1869, alikuwa na jina la namna hiyo. Kwa hiyo kalamu ya karani iliweza kuugawa uhunzi mmoja kuwa majina mawili, na watoto wa majina hayo wasijue kwamba neno lao ni moja.

Ukitaka mfano mwingine, watazame watu wawili wa karne ya 16. Mmoja ni Jacques Lefèvre, mzaliwa wa Étaples, pwani ya kaskazini, mwanachuoni aliyeifasiri Biblia kwa Kifaransa. Agano Jipya lake lilichapwa mwaka 1523, na Biblia nzima mwaka 1530. Mwingine ni Pierre Favre wa Savoie, aliyezaliwa mwaka 1506, mmoja wa waanzilishi wa Shirika la Yesu, ambaye Papa Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 2013. Wote wawili walipoandikwa kwa Kilatini waliitwa Faber. Msomaji wa vitabu vya Kilatini aweza kudhani ni watu wa jamaa moja. Kumbe mmoja ni wa baharini na mwingine ni wa milimani, wala hawana udugu.

Serikali yafunga majina

Kwa muda mrefu jina la mtu liliandikwa kama lilivyosikika masikioni mwa padre au karani. Mwaka 1539 Mfalme François wa Kwanza alitoa amri huko Villers-Cotterêts, ambayo pamoja na mambo mengine iliwataka mapadre waweke daftari za ubatizo. Tangu hapo majina yaliandikwa kwa wingi, lakini tahajia haikuwa moja. Ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, waliweza kuandikwa mmoja Lefevre na mwingine Lefebvre, katika daftari moja.

Mwaka 1792, wakati wa Mapinduzi, kazi ya kuandika vizazi, ndoa na vifo ilitolewa kwa mapadre ikapewa serikali. Katika siku hizo watu kadhaa walijipa majina mapya, na kukawa na vurugu. Basi tarehe 23 Agosti 1794 ikatolewa sheria kwamba mtu asitumie jina lolote isipokuwa lile lililoandikwa katika cheti chake cha kuzaliwa. Hapo mlango ukafungwa. Aliyekuwa na b akabaki na b, na asiyekuwa nayo akabaki bila b.

Mwaka 1871 daftari za kale za Paris ziliteketea kwa moto wakati wa vita vya ndani ya mji, na watu wengi wakakosa ushahidi wa majina yao. Ikaonekana haifai jina la mtu liwekwe mahali pamoja tu. Kwa hiyo tangu 1877 watu wa ndoa walipewa kijitabu cha jamaa, ambamo wazazi na watoto wote wanaandikwa, nacho hukaa nyumbani. Kijitabu hicho kiliimarisha tahajia kuliko sheria zote zilizotangulia.

Lakini jina laweza pia kuvamiwa. Majeshi ya Hitler yalipoitawala Alsace kati ya 1940 na 1944, watu wenye majina ya Kifaransa walilazimishwa kuyageuza yawe ya Kijerumani. Mtawala alijua kwamba jina ni ushahidi, na ushahidi huo haukumpendeza. Vita vilipokwisha majina ya Kifaransa yakarudishwa.

Siku hizi sheria imelegea kidogo. Tangu tarehe 1 Januari 2005 mtoto aweza kupewa jina la ukoo la baba, au la mama, au yote mawili. Na tangu tarehe 1 Julai 2022 mtu mzima aweza kuchukua jina la mzazi wake wa pili kwa kupeleka ombi kwa msajili wa mji. Kwa hiyo jina la mhunzi sasa laweza kushuka kwa upande wa mama.

Kutawanyika

Tangu reli zilipoenea katika karne ya 19, watu wa kila upande walikwenda Paris kutafuta kazi, na leo majina yote niliyoyataja yapo huko. Hata hivyo hesabu za serikali za watu waliozaliwa tangu 1891 hadi 1990 zaonyesha kwamba Lefebvre ni miongoni mwa majina ishirini yaliyoenea zaidi katika Ufaransa, na kwamba makao yake makubwa ni kaskazini bado.

Jina lilivuka bahari pia. Katika karne ya 17 Wafaransa walihamia Kanada, na leo Lefebvre ni jina la kawaida sana katika Quebec. Waprotestanti walioteswa kwa ajili ya dini walikimbilia nchi mbalimbali. Simon na André Lefèvre walikuwa miongoni mwa watu 12 waliopewa ardhi mwaka 1677 huko New Paltz, katika New York. Katika Marekani jina limepata sura nyingine, kama LeFevre na Lafave. Mchezaji wa mpira wa Kimarekani, Brett Favre wa Mississippi, hulitamka jina lake kana kwamba r imetangulia v.

Lakini tujihadhari. Jina laonyesha alikotoka babu wa upande mmoja tu, wala halionyeshi mahali mtu alipozaliwa. Mwanahistoria Jacques Le Goff, aliyefariki mwaka 2014, alizaliwa Toulon, kusini kabisa. Jina lake ni la Bretagne kwa sababu baba yake alitoka huko. Jina halituambii mama yake alikuwa nani, wala lugha aliyoisema yeye, wala tabia yake.

Basi mafunzo ni mawili. Kwanza, jina moja si lazima damu moja, na majina mawili yaweza kuwa neno moja. Anayempendelea mtu au kumchukia kwa sababu ya jina lake anajenga juu ya mchanga. Pili, herufi moja ya karani yaweza kudumu miaka mia tano. Nawaomba wazazi walitazame jina la mtoto katika cheti cha kuzaliwa na katika orodha ya mtihani, walinganishe herufi kwa herufi, na wakiona kosa walipeleke mapema kwa wanaohusika. Makarani wa Ufaransa walichomeka b kwa nia njema, na haikutoka tena.

Kazi kwa wanafunzi

1. Chora ramani ya Ufaransa, uandike mahali pa Lefebvre, Faivre, Favre, Faure, Fabre, Le Goff na Schmitt.

2. Neno la Kilatini labrum maana yake ni mdomo. Kwa kufuata kanuni ya capra na faber, kisia neno la Kifaransa cha leo, kisha litafute katika kamusi.

3. Waulize wazee wako maana ya jina la babu yako, aliyempa, na kwa sababu gani. Andika jibu kwa ukurasa mmoja.

Majibu yaletwe kwangu kabla ya kufunga shule. Yaliyo bora yatachapwa katika gazeti la muhula ujao.